Kuchoka, Kuchakaa na Kubanduka: Juu ya Kueleza kwa Kiswahili Udhaifu wa Tando za Feroelektriki

Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja la fizikia ambalo kwa Kiingereza limepewa jina moja, na ambalo kwa Kiswahili, kwa maoni yangu, haliwezi kuelezwa kwa jina moja bila ya kumpotosha msomaji. Jambo lenyewe ni udhaifu unaozipata tando nyembamba za polima za feroelektriki zinapogeuzwageuzwa na umeme mara nyingi, pamoja na nafuu ambayo tando hizo huweza kuipata baadaye. Mtafsiri anayekutana na habari hii hukimbilia neno uchovu. Neno hilo si kosa daima. Lakini lina ahadi ndani yake, na ahadi hiyo pengine haitimizwi na maumbile ya kitu kinachoelezwa. Aliyechoka akipumzika hurudiwa na nguvu. Je, utando nao?

Yatubidi kwanza tukijue kitu chenyewe, maana istilahi isiyotanguliwa na ujuzi wa kitu ni kubahatisha tu. Mwaka 1920 Joseph Valasek, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, alionyesha kwamba fuwele ya chumvi iitwayo chumvi ya Rochelle huwa na mwelekeo wa umeme ndani yake, na kwamba mwelekeo huo hugeuzwa kwa kuitia fuwele umeme wa upande wa pili. Tabia hii ilifanana na ya chuma kinapotiwa sumaku. Ndiyo sababu vitu vya jamii hiyo vikaja kupewa jina lenye fero ndani yake, yaani chuma, ijapokuwa katika chumvi hiyo hamna chuma hata chembe. Nalitaja hili mapema ili msomaji aone kwamba katika uwanja huu majina ya kuazima yalianza zamani, na si Kiswahili peke yake kinachopaswa kuyavumilia.

Kwa miaka mingi vitu vilivyojulikana kuwa na tabia hii vilikuwa fuwele na vitu vya kauri. Kisha mwaka 1969 Heiji Kawai, Mjapani, alitangaza habari za plastiki iitwayo polivinilidini floridi. Plastiki hiyo ikivutwa hadi ikanyooka, kisha ikatiwa umeme mkali, hutoa umeme kila inapobinywa. Katika miaka iliyofuata ilithibitika kuwa ni feroelektriki pia. Si kitu kigeni kama jina lake linavyotisha: wavuvi wengi wameishika mikononi bila ya kuijua, kwa kuwa hutengenezewa nyuzi za mishipi zisizoonekana kwa urahisi majini.

Molekuli ya plastiki hii ni mnyororo mrefu wa kaboni. Kaboni moja imeshika hidrojeni mbili, inayofuata imeshika florini mbili, kisha tena hidrojeni, kisha tena florini, hivyo hivyo hadi mwisho. Florini huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni. Basi mnyororo ukinyooka, florini zote zikakaa upande mmoja na hidrojeni zote upande wa pili, upande wa florini huwa hasi na wa hidrojeni huwa chanya. Kila kipande cha mnyororo huwa na ncha mbili za umeme, nami nitakiita dipoli. Minyororo ikijipanga pamoja katika fuwele, florini zote zikatazama upande mmoja, utando mzima hupata mwelekeo. Ukitiwa uga wa umeme wa kutosha kutoka upande wa pili, minyororo hujizungusha pale pale ilipo, kama mtu ajigeuzaye kitandani bila ya kuhama, na florini zilizokuwa zikitazama juu zikatazama chini. Kugeuka huku ndiko kunakouwezesha utando kutumiwa kama kumbukumbu: juu ni ndiyo, chini ni la, na jibu hubaki hata umeme ukizimwa.

Plastiki hii ikiwa peke yake ina tabia ya kuganda huku mnyororo umejikunja, na katika mpango huo dipoli za jirani hufutana. Dawa iliyopatikana ni kuunganisha ndani ya mnyororo ule ule vipande vya trifloroethilini, ambavyo vina florini tatu na hidrojeni moja. Florini ile ya ziada huubana mnyororo usijikunje, hata ukaganda ukiwa umenyooka. Mchanganyiko wa sehemu 70 kwa 30, au karibu na hapo, ndio unaoshughulikiwa sana na watafiti, na ndio tutakaouzungumzia kuanzia hapa.

Neno moja juu ya utando. Wako wanaopendelea filamu, kwa hoja kwamba ndilo neno la mafundi. Kwa maoni yangu filamu imekwisha kutwaliwa na sinema na kamera. Utando ni neno la zamani, na maana yake ni hii hasa tunayoitaka: tabaka nyembamba iliyotanda juu ya kitu kingine, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Tando za maabara hutengenezwa kwa namna isiyo mbali na hiyo, kwani polima huyeyushwa katika kimiminiko, ikamwagwa juu ya tabaka ya metali, ikatanda, ikakauka. Kisha hutiwa metali nyingine juu yake. Metali hizo mbili, ya chini na ya juu, ndizo elektrodi, milango ambayo umeme hupitia.

Sasa tutazame mwenendo wa utando huo unapogeuzwa. Uga ukiongezwa kidogo kidogo, dipoli hazigeuki mara moja; hukawia, kisha zikafikiwa na kiasi fulani hugeuka kwa pamoja. Uga ukiondolewa hazirudi zilikotoka, bali hubaki. Ukawiaji wa namna hii katika sumaku ulipewa jina la Kigiriki na James Alfred Ewing mwanzoni mwa miaka ya 1880, alipokuwa akifundisha Japani, na jina lake maana yake ni kuchelewa nyuma. Kwa Kiswahili naliita mkawio. Kiasi cha mwelekeo kinachosalia baada ya uga kuondolewa ni mwelekeo baki, na uga unaotosha kuzigeuza dipoli ni uga wa kugeuzia.

Uga wa kugeuzia katika polima hii ni mkubwa mno, kadiri ya volti 50 kwa kila mikrometa moja ya unene. Vitu vya kauri vya jamii hii vyatosheka na sehemu ya kumi ya kiasi hicho, au hata pungufu. Tena, ili geuzo likamilike, watafiti hutia mara mbili ya kiasi hicho au zaidi. Utando ulio mwembamba kuliko unywele mara hamsini hutwishwa basi volti mia moja na zaidi, kwenda na kurudi, mara elfu, mara laki, mara milioni. Matatizo yote yanayofuata yanatoka hapa.

Baada ya mageuzo mengi mwelekeo baki huanza kupungua. Kwa elektrodi za metali za kawaida upungufu huonekana baada ya mageuzo laki kadhaa au mamilioni. Dipoli zipo, minyororo ipo, lakini sehemu kubwa ya utando haiitikii tena. Ikiwa utando ulikuwa kumbukumbu, ndiyo na la huanza kukaribiana hata msomaji wa kumbukumbu hiyo, ambaye ni mtambo, akashindwa kuzipambanua.

Maelezo yaliyokubaliwa kwa muda mrefu ni haya. Utando si fuwele tupu. Ni fuwele ndogo ndogo zilizozungukwa na sehemu ambazo minyororo imekaa shaghalabaghala. Uga mkali husukuma chaji kutoka katika elektrodi ziingie ndani ya utando. Chaji hizo hunaswa mipakani, pale fuwele inapokutana na sehemu isiyo na mpango, na pale utando unapokutana na elektrodi. Zikinaswa hapo huzishikilia dipoli za jirani zisigeuke, kama kigingi kinavyomshikilia mbuzi aliyefungwa: hakuvunjika mguu, ila kamba haimruhusu. Dalili moja inayounga mkono maelezo hayo ni kwamba ukigeuza polepole, utando hudhoofika kwa mageuzo machache zaidi kuliko ukigeuza haraka. Ingekuwa hesabu ya mageuzo peke yake ndiyo inayoudhoofisha, mwendo usingekuwa na athari. Lakini katika geuzo la polepole uga hukaa muda mrefu zaidi, na chaji hupata nafasi ya kuingia.

Hali hii wanafizikia waliipa jina walilolikuta tayari kwa mafundi wa metali. Huko London, mwaka 1854, Frederick Braithwaite aliwasomea wahandisi wenzake makala juu ya uchovu wa metali na kuvunjika kunakotokana nao; na katika miaka iyo hiyo Mjerumani August Wöhler alikuwa akichunguza kwa nini mihimili ya magurudumu ya gari moshi hukatika baada ya kufanya kazi muda mrefu chini ya uzito ambao, ukitiwa mara moja tu, hauwezi kuukata. Leo twajua kuwa ndani ya metali ile ufa mdogo huzaliwa na kukua kila gurudumu linapozunguka. Ufa huo haupumziki ukaziba. Gari likilala karakana mwaka mzima, mhimili utaamka na ufa ule ule. Kwa hiyo neno la Kiingereza lilipoingia katika ufundi lilikuwa limekwisha kupoteza nusu ya maana yake ya nyumbani: lilibaki na kudhoofika, likaiacha nafuu.

Kiswahili hakijalipoteza hilo. Tazama vitenzi choka na chakaa. Kwa umbo ni ndugu: choka hutupa -chovu na uchovu, chakaa hutupa -chakavu na uchakavu, na kiambishi -vu ni kile kile kinachotupa -legevu kutokana na legea na wokovu kutokana na okoka. Umbo haliwatenganishi. Maana ndiyo inayowatenganisha, tena kwa ukali. Mtu huchoka, punda huchoka, hata shamba huchoka. Na mkulima asemapo kuwa shamba limechoka anakusudia kuliacha lilale misimu kadhaa ili lirudiwe na rutuba. Nguo huchakaa, mkeka huchakaa, barabara huchakaa, na hakuna asemaye kwamba nguo iliyochakaa imepumzishwa ikawa mpya. Itatiwa kiraka au itatupwa. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mitaani watu husema shati limechoka, lakini hiyo ni kejeli, na kejeli hiyo ina ladha kwa sababu msikilizaji anajua kwamba shati halistahili kitenzi hicho.

Hivyo basi mwandishi wa Kiswahili analazimika kujua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza anaweza kulikwepa: je, udhaifu huu una marejeo au hauna? Aandikapo utando umechoka, amekwisha kutoa hukumu ya kifizikia. Mwanafunzi atakayeisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba utando ule si wa kutupwa, na atakuwa na haki ya kuelewa hivyo.

Majaribio yanasemaje? Utando ulionaswa chaji ukipashwa moto kwa muda, sehemu ya mwelekeo wake, na pengine sehemu kubwa, hurejea unapogeuzwa tena. Polima hii ya mchanganyiko ina kiwango cha joto ambacho kikivukwa mpango wa dipoli huvurugika, kinachoitwa kiwango cha Curie kwa heshima ya Pierre Curie. Kwa mchanganyiko wa 70 kwa 30 ni karibu na nyuzi 100 za sentigredi wakati wa kupanda, na hapo polima haijafikia kuyeyuka, maana huyeyuka karibu na nyuzi 150. Wakati wa kupoa mpango haurudi pale pale ulipovurugikia, bali chini zaidi, kwa tofauti ya makumi ya nyuzi: mkawio mwingine, huu wa joto. Kati ya viwango hivyo, cha Curie na cha kuyeyuka, mpo nafasi ya tiba. Joto huzipa chaji nguvu ya kutoka mitegoni, nazo dipoli huvunja mafungu zilizokuwa zimeshikiliwa ndani yake na kujipanga upya. Ile plastiki ya kwanza, isiyochanganywa, haina bahati hiyo. Huyeyuka kabla ya kukifikia kiwango chake cha Curie. Njia nyingine ni kuutia utando uga mkali zaidi kuliko ule uliouchosha, ili uzing'oe dipoli zilizonaswa, ijapokuwa tiba hiyo yafanana na kumwamsha mgonjwa kwa kiboko.

Hapa ndipo mfano wa shamba unapotuacha. Shamba hupona kwa kuachwa. Utando ukiachwa tu mezani hupata nafuu kidogo mno, kwa sababu polima ni watunzaji hodari wa chaji. Maikrofoni zilizobuniwa na Gerhard Sessler na James West mwaka 1962 hutegemea tabia hiyo hasa: utando wa plastiki uliotiwa chaji siku moja hukaa nayo miaka mingi. Chaji isiyotoka yenyewe katika maikrofoni haitatoka yenyewe katika kumbukumbu. Mfano ulio karibu zaidi ni ngoma. Ngozi ikilegea, mpiga ngoma haiachi ipumzike. Huisogeza motoni, ikakaza, sauti ikarudi. Sababu si moja, kwani katika ngozi moto hufukuza unyevu na katika polima hufungua mitego ya chaji. Lakini mwenendo ni mmoja, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba chombo kilichodhoofika kwa kupigwa chaweza kurudishwa kwa moto bila ya kuwambwa upya.

Ingekuwa habari inaishia hapo, uchovu lingekuwa neno zuri. Lakini mwaka 2014 kundi la watafiti wa Ulaya na wenzao lilichapisha uchunguzi uliobadili picha. Walizigeuza tando kwa mwendo na nguvu mbalimbali, wakaona kwamba kilichopunguza mwelekeo katika vifaa vyao ni elektrodi ya juu kuachana na utando. Elektroni zinazoingia huivunja polima kidogo kidogo, na kuvunjika huko hutoa gesi. Metali ya juu haipitishi gesi. Basi gesi hujikusanya chini yake, ikaiinua, ikafanya malengelenge. Pale penye lengelenge uga hauufikii utando sawasawa. Walipoondoa kizuizi hicho cha gesi na kurekebisha namna ya kutia umeme, utando uligeuzwa zaidi ya mara milioni 100 bila ya kudhoofika.

Je, utando huo tuuite umechoka? Polima iliyo chini ya lengelenge huenda ikawa nzima karibu yote. Tuuite umechakaa? Ile sehemu ndogo iliyotoa gesi ndiyo iliyochakaa kwa kweli, maana vifungo vya molekuli vilivyokatika havirudishwi na moto. Kilichotokea kwa kifaa kizima kina jina lake, nalo limo katika lugha siku zote: elektrodi imebanduka. Kitenzi hiki chatufaa zaidi ya tulivyotazamia. Kimejengwa kwa mnyambuliko wa kutendua: bandika, bandua, banduka, kama funga na fungua. Anayekisikia anajua kwamba kitu kilikuwa kimebandikwa, kwamba kilichobandikwa na kilichobandikiwa ni vitu viwili, na kwamba kubanduka kwa kimoja si lazima kuwe kuharibika kwa kingine. Kiingereza kilikuwa kimeufunika utengano huo wote chini ya neno moja, na yamkini kufunikwa huko kulichangia kuwafanya wengi waitafute sababu ndani ya polima hali ilikuwa juu yake. Sidai kwamba lugha ingewaonyesha. Majaribio ndiyo yaliyowaonyesha.

Juu ya marejeo nitasema machache. Kupona ni neno zito mno, kwani aliyepona amekwisha ugonjwa. Utando uliopashwa moto kwa kawaida hupata sehemu tu ya kile ulichopoteza, na neno la hali hiyo ni nafuu. Kwa tendo la mtafiti naona kuhuisha lafaa: ameuhuisha utando, nao umepata nafuu. Na kwa tendo la kuudhoofisha kwa makusudi maabarani, ambalo ndilo kazi ya siku nyingi, chosha latosha: utando uliochoshwa.

Yako mambo mawili yanayochanganywa na haya ambayo lugha huyatenga bila ya shida. Utando ulioachwa muda mrefu ukitazama upande mmoja hupendelea upande huo, na kuugeuza huwa kazi zaidi. Huo umezoea, na hali hiyo ni mazoea. Utando unaobadilika kwa kupita siku tu bila ya kugeuzwa umezeeka. Kuyaita yote hayo uchovu, kama nilivyoona katika rasimu moja ya tafsiri niliyopewa niisahihishe, ni kumfunga macho msomaji.

Sentensi ya rasimu ile ilisema kwamba uchovu wa filamu ulitibiwa kwa joto, na kwamba uchovu mwingine haukutibika. Msomaji makini angeuliza mara moja ni uchovu gani huo usiotibika. Niliirudisha kwa mwenyewe ikisomeka hivi: utando uliochoshwa ulihuishwa kwa joto la nyuzi 120 ukapata nafuu, pale elektrodi ilipobanduka haukupata nafuu yoyote, na sehemu ya polima iliyotoa gesi imechakaa. Alinijibu kwamba kuhusu sehemu ile ya mwisho hana hakika kama imechakaa au imechoka tu, kwa kuwa hakuwa amelitenga jaribio la gesi na jaribio la joto. Alirudi maabara kulitenga.